Tiketi ya Jukwaa la Ng'ambo: Kisa cha Michigan na Ishara za Pembeni

Mtu akianza kutazama futiboli ya vyuo vya Marekani, macho yake yote yanakwenda kule kwenye mgongano, miili 22 inapovaana. Mimi ilinichukua muda kugundua kwamba kabla ya kila mgongano kuna vijana watatu pembeni ya uwanja wanaofanya vituko. Mmoja kavaa kofia ya rangi kali: anajipiga bega, anazungusha mikono kama anafua nguo, anainua vidole viwili, anajishika sikio. Mwenzake wa fulana ya njano anafanya hayo hayo kwa mpangilio mwingine. Nyuma yao wamesimama wawili na ubao mpana wenye picha nne zisizohusiana hata kidogo: mnyama, sura ya mtu maarufu, nembo ya biashara fulani, kichekesho cha mtandaoni.

Ukadhani ni mashabiki waliochangamka. Kumbe hiyo ndiyo simu ya kocha, na mwaka 2023 simu hiyo ilimtoa uwanjani kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Michigan na kukitia chuo chake kwenye kesi iliyokuja kuamuliwa karibu miaka miwili baadaye.

Sisi wa soka tunajua kocha wa kupiga mluzi na kufoka kwenye mstari. Mpira unatembea, kocha anasema anachoweza, wachezaji wanaamua yaliyobaki. Kule mambo ni tofauti. Mpira unasimama kila baada ya sekunde chache, na kila unaposimama kocha anachagua mpango mmoja kati ya mamia aliyoyafundisha tangu kiangazi. Wachezaji wote 11 wapate habari hiyo hiyo, kila mmoja ajue anakimbilia wapi, na saa inahesabu sekunde 40. Zamani walijikusanya duara, kwotabeki, yaani yule anayepewa mpira kwanza, akawanong'oneza mpango, wakatawanyika. Halafu timu zikagundua faida ya kuliacha duara: ukiharakisha, walinzi wa wapinzani wanaishiwa pumzi na hawapati nafasi ya kubadilisha watu. Lakini bila duara habari itafikaje kwa mtu aliye yadi 40 kutoka kwa kocha, katikati ya kelele za watu laki moja? Kwa ishara, peupe, mbele ya kila mwenye macho.

Wanaolipwa, kwenye ligi ya NFL, walishaondokana na shida hiyo. Tangu 1994 kwotabeki ana spika ndogo ndani ya kofia yake ngumu. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi: mwaka 1956 Paul Brown, kocha wa Cleveland Browns, alimvalisha kwotabeki wake kofia yenye redio, na kamishna wa ligi akaipiga marufuku msimu huo huo. Upande wa ulinzi ulipata redio yake mwaka 2008, na haikuwa kwa bahati. Septemba 2007 New England Patriots walikamatwa wakirekodi kwa kamera ishara za makocha wa ulinzi wa New York Jets. Kocha Bill Belichick alipigwa faini ya dola 500,000, timu dola 250,000, na wakanyang'anywa nafasi yao ya kwanza ya kuchagua chipukizi. Msimu uliofuata ligi ikawatoa walinzi kwenye lugha ya mikono.

Vyuo vilibaki nje kwenye jua. Sababu zilizotajwa ni gharama, maana si kila chuo kina mfuko wa Michigan, na wasiwasi kuhusu dhamana ambayo watengenezaji huitoa kwa kofia zao, endapo kifaa kitaongezwa ndani. Kwa hiyo mchezo wa mamilioni ya dola ukaendelea kuendeshwa kwa kujishika masikio.

Makocha nao si wajinga. Kati ya vijana watatu wanaopunga mikono, huenda mmoja tu ndiye wa kweli na wawili ni chambo, na kabla ya mechi wachezaji wameambiwa ni nani wa kumtazama. Au wote ni wa kweli, lakini ishara haihesabiki mpaka ishara ya kufungulia itangulie: akigusa mkanda, kinachofuata ndicho, asipougusa, ni maigizo. Kuna timu ambazo watu wake husimama wameshika shuka kubwa nyuma ya vijana hao ili walio jukwaani na benchi la pili wasione. Kuna mkanda wa mkononi wenye orodha ndefu ya namba, kocha anaonyesha namba, mchezaji anasoma kwenye mkono wake. Mbao za picha nazo zilipata umaarufu kwenye chuo cha Oregon, enzi za kocha Chip Kelly. Mwenye kucheza karata kwa wenza anaijua hali hii. Jicho unalompa mwenzako lazima alione yeye, na wapinzani wawili mliokaa nao jamvi moja wasilione.

Na hapa ndipo wengi wanapopotea wanaposimulia kisa hiki. Kuiba ishara si kosa. Ukiwa uwanjani siku ya mechi, ukamkazia macho kijana wa kofia kali, ukaing'amua siri yake na kumpigia kelele mlinzi wako, hongera. Ukikaa ofisini ukarudia matangazo ya televisheni mpaka usiku wa manane, hongera tena. Kila chuo kikubwa kina mtu wa kazi hiyo, na hawaoni haya kusema. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zinakataza vitu viwili. Kwanza, kurekodi ishara za wapinzani kwa kifaa cha elektroniki. Pili, tangu 1994, kumtuma mtu akatazame kwa macho yake mechi ya timu utakayokutana nayo msimu huo huo. Hilo la pili halikutungwa na watu waliokuwa wakiwaza ishara. Lilitungwa kubana matumizi, ili vyuo tajiri visisambaze wapelelezi nchi nzima huku vyuo maskini vikishindwa nauli. Kanuni ya nauli, basi, ndiyo iliyokuja kumnasa Connor Stalions.

Stalions alisoma chuo cha jeshi la wanamaji la Marekani, akatumikia kikosi cha Marines, na tangu utoto alikuwa na ndoto moja: kuwa kocha wa Michigan. Alijitolea pale bila malipo, kisha mwaka 2022 akaajiriwa rasmi kama mfanyakazi wa chini kwenye idara ya futiboli, kwa mshahara wa dola 55,000 kwa mwaka. Kwa cheo hakuwa mtu wa kutisha. Lakini ukizirudia picha za mechi za 2022 utamwona amesimama bega kwa bega na makocha, karatasi ngumu mkononi, macho yake ng'ambo ya pili kwa vijana wa kofia kali, kisha anageuka haraka na kusema neno.

Alijuaje? Hapo ndipo penye utamu wa kisa chenyewe.

Televisheni huwaonyesha vijana wa ishara mara chache tu. Kamera inafuata mpira. Hata zile filamu ambazo makocha hubadilishana kihalali kabla ya mechi zinaonyesha wachezaji 22 kutoka juu, si watu wa pembeni. Kwa hiyo ukitaka kamusi kamili ya ishara za mpinzani, unahitaji mtu aliyekaa jukwaa la ng'ambo, usawa wa katikati ya uwanja, juu kidogo ili vichwa vya watu visimzibe, anayeielekeza simu kwenye benchi kwa saa tatu mfululizo badala ya kutazama mechi. Ndicho Stalions alichokifanya. Alinunua tiketi kwa jina lake mwenyewe (naam, jina lake mwenyewe, kwa kadi), akawapa jamaa na marafiki, wakaenda kukaa na kurekodi. Kituo cha michezo cha ESPN kiliripoti kwamba tiketi zilikuwa za mechi zaidi ya 30, kwenye viwanja vya karibu wapinzani wote wa kongamano la Big Ten, yaani kundi la vyuo ambalo Michigan hucheza ligi ndani yake, katika kipindi cha miaka mitatu.

Video zikifika, kazi inaanza. Tuseme kijana wa kofia nyekundu anagusa paji la uso, kisha anagonganisha ngumi. Sekunde 12 baadaye timu inakimbia na mpira upande wa kulia. Unaandika. Robo ya pili anagusa paji tena, anagonganisha ngumi, mpira unakimbizwa kulia. Unapigia mstari. Robo ya tatu anagonganisha ngumi bila kugusa paji, na mpira unarushwa mbali. Ahaa: paji ndilo ufunguo. Ukifanya hivyo kwa kila tukio la mechi nzima, na mechi moja ina matukio kama 70 kwa kila timu, halafu ukarudia kwenye mechi ya pili na ya tatu, unabaki na kamusi. Huhitaji hata kuijua lugha yote. Ukijua tu kwamba huu ni wa kukimbia na ule ni wa kurusha, umeshampa mlinzi nusu ya hatua. Kwenye mchezo huu nusu ya hatua ni kila kitu, maana anayejua kwamba pasi inakuja haogopi kurudi nyuma, na anayejua kwamba wanakimbia haogopi kusogea mbele.

Wenyewe ndani walikuwa na misamiati yao. Kamati ya NCAA ilikuja kueleza kwamba mtandao huo wa watazamaji uliitwa KGB, kama lile shirika la ujasusi la Kisovieti, na video zao ziliitwa filamu chafu. Jina hilo la pili mimi nimelirudia mara kadhaa. Mtu anayeamini kwamba anachokifanya ni halali haiiti kazi yake chafu, hata kwa utani.

Kuna tukio dogo la kabla ya kashfa kulipuka ambalo kwangu linaeleza mengi kuliko kesi yenyewe. Desemba 31, 2022, Michigan, bila kupoteza mechi hata moja, walikutana na chuo cha TCU cha Texas katika nusu fainali ya taifa. TCU walikuwa wameshatonywa na makocha wengine kwamba Michigan wanazo ishara zao. Wangeweza kubadilisha zote. Wao wakafanya ujanja wa ziada: baadhi wakazibadilisha, baadhi wakaziacha kama chambo. Kwa mujibu wa taarifa zilizotoka baadaye, kuna nyakati waliita mpango, wakapunga ishara ya zamani ya mpango mwingine, huku wachezaji wameambiwa wafuate ule wa kwanza. Michigan wakasoma walichowekewa wasome. TCU walishinda 51–45. Kamusi ya mwizi ina udhaifu huo: mwenye lugha akijua unayo, anakutungia uongo kwa maneno yale yale unayoyaamini.

Bomu lililipuka Oktoba 2023. Tarehe 19 habari zikatoka kwamba NCAA inaichunguza Michigan, tarehe 20 Stalions akasimamishwa kazi, Novemba 3 akajiuzulu. Katikati ya wiki hizo mbili mtandao uligeuka kikosi cha upelelezi. Watu walichimbua picha za mechi ya Septemba 1 kati ya Central Michigan na Michigan State, vyuo vingine viwili vya jimbo hilo hilo, wakamwona pembeni mwanaume mwenye miwani ya jua, kavaa sare za Central Michigan, anayefanana na Stalions kama pacha. Michigan walikuwa wacheze na Michigan State msimu huo.

Makocha wa Big Ten walikasirika, na hasira zao zilikuwa na historia. Kuanzia 2012 hadi 2019 Michigan walifungwa na mahasimu wao, chuo cha Ohio State, mara nane mfululizo. Mwaka 2020, wa korona, walimaliza na ushindi mara mbili tu. Ghafla 2021 wakaifunga Ohio State 42–27, na 2022 wakaifunga 45–23 ugenini. Jirani aliyekuwa anakopa chumvi akianza kujenga ghorofa, watu huuliza.

Michigan nao hawakukaa kimya. Walitoa madai kwamba vyuo vingine vya Big Ten vilipeana ishara zao kabla ya fainali ya kongamano ya 2022. Kupeana hivyo si kosa kwa kanuni zilivyo, na ndiyo hoja waliyokuwa wakiijenga: mnatuhukumu kwa kitu mnachokifanya wote. Hoja hiyo ni nusu kweli. Wote walikuwa wanapiga chabo, isipokuwa mmoja ndiye aliyenunua viti vya mbele vya kupigia chabo.

Novemba 10, wakati timu ikiwa angani kuelekea Pennsylvania, kamishna wa Big Ten, Tony Petitti, alitangaza kwamba kocha mkuu Jim Harbaugh hataruhusiwa uwanjani kwa mechi tatu zilizobaki za msimu wa kawaida. Uchunguzi wa NCAA ulikuwa haujakamilika, kwa hiyo Petitti alitumia kanuni ya kongamano kuhusu uanamichezo, na adhabu aliiweka kama ya chuo kwa kupitia kocha wake. Harbaugh alikana tangu mwanzo kwamba alijua lolote. Michigan walikimbilia mahakamani, wakapanga kusikilizwa wiki iliyofuata, kisha siku moja kabla wakaondoa shauri na kukubali adhabu.

Kesho yake, Novemba 11, walicheza na Penn State bila kocha, bila Stalions, bila kamusi. Kaimu kocha Sherrone Moore alifanya jambo ambalo makocha wa futiboli watalisimulia miaka mingi. Kuanzia katikati ya robo ya pili aliacha kabisa kurusha mpira. Walikimbia nao mara 32 mfululizo mpaka filimbi ya mwisho, na kipindi chote cha pili haikuandikwa pasi hata moja. Uwanja mzima ulijua kinachokuja, haikuhitajika ishara kuibwa, na bado Penn State hawakuweza kuwazuia. Michigan 24, Penn State 15. Wakaifunga Maryland 31–24, wakaifunga Ohio State 30–24. Harbaugh akarudi, Januari 1, 2024 wakaitoa Alabama 27–20 katika muda wa nyongeza, na Januari 8 mjini Houston wakaichapa Washington 34–13 na kuchukua ubingwa wa taifa. Mechi 15, ushindi 15.

Mashabiki wao wanasema huo ndio ushahidi kwamba ishara hazikuwa na maana. Mimi sikubaliani, ingawa naelewa wanapotokea. Mechi 15 bila kushindwa zinaonyesha kwamba timu ya 2023 ilikuwa bora. Hazionyeshi kitu kuhusu 2021 na 2022, wala hazibadilishi alichokuwa anakitafuta mtu anayelipwa dola 55,000 na bado akanunua tiketi za mechi zaidi ya 30. Hakuna anayejisumbua hivyo kwa kitu kisicho na faida. Tena ukiwa na walinzi wazuri, kamusi inakufaa zaidi, kwa sababu wao ndio wenye mbio za kufika pale ulipowaambia mpira unakwenda. Timu dhaifu ikijua mpango wa Alabama itafungwa ikiwa na taarifa kamili.

Hukumu ya NCAA ilitoka Agosti 15, 2025. Kamati ilihesabu safari 56 za utazamaji haramu, kwenye mechi 52, dhidi ya wapinzani 13 wa Michigan, kuanzia 2021 hadi 2023. Chuo kilipigwa faini ya dola 50,000 pamoja na asilimia 10 ya bajeti ya futiboli, na kikanyang'anywa mapato ya mechi za baada ya msimu kwa miaka miwili. Ukijumlisha yote, makadirio yalivuka dola milioni 20. Stalions alifungiwa miaka minane. Harbaugh, ambaye alishahamia NFL kuifundisha Los Angeles Chargers, alipewa miaka kumi itakayoanza kuhesabiwa 2028, adhabu yake ya awali ya kesi nyingine ikiisha. Kanuni inasema kocha mkuu anabeba yanayofanywa na watu wake, hata akisema hakuyaona. Moore, ambaye kwa wakati huo alikuwa kocha mkuu, alifungiwa mechi kwa kufuta ujumbe 52 aliokuwa ameandikiana na Stalions. Stalions mwenyewe, kwa mujibu wa kamati, aliitupa simu yake bwawani.

Ubingwa wakaachiwa. Kamati ilisema kulikuwa na sababu tosha ya kuifungia Michigan isicheze mechi za baada ya msimu, ila ikaona itakuwa kuwaadhibu vijana kwa makosa ya makocha na wafanyakazi ambao hawako tena kwenye timu. Nakubali. Lakini wakati huo huo watu wazima wa klabu yoyote tajiri walipata bei ya bidhaa: kombe kwa milioni 20 na ushee, malipo baadaye.

Sisi wa soka tusicheke sana. Januari 2019 mtu wa Leeds ya Marcelo Bielsa alikutwa akichungulia mazoezi ya Derby, na Leeds wakalipa pauni 200,000. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024 wanawake wa Canada walikatwa pointi sita kwa droni iliyorushwa juu ya mazoezi ya New Zealand.

Huku nyuma, kabla hata hukumu haijatoka, vyuo viliamua kumaliza ubishi kwa kifaa. Aprili 2024 NCAA iliruhusu redio ndani ya kofia kwa ngazi ya juu ya futiboli, miaka 30 baada ya NFL. Mchezaji mmoja tu kwa kila upande anayeruhusiwa kuwa nayo uwanjani, na nyuma ya kofia yake kuna alama ya mviringo ya kijani ili waamuzi wamtambue. Saa ikibaki sekunde 15 mawasiliano yanakatwa, kocha hawezi tena kumsemesha.

Mmoja kati ya 11. Timu ikiamua kuharakisha bila duara, yule wa kijani anasikia, lakini mpokeaji wa pasi aliyesimama kule kwenye mstari wa mbali, yadi 25 kutoka kwake, hasikii kitu. Naye anafanya alichokuwa akikifanya siku zote: anageuza shingo pembeni, anamtafuta kijana wa kofia kali.